Mifuko Ishirini Iliyorudi Kutoka Nakonde

Mpendwa mshauri wangu Mama Fortunata, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba uisome barua hii hadi mwisho ndipo ucheke, kwa sababu najua utacheka, hata mimi ningecheka kama haya yangemkuta mwenzangu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naitwa Tumpale, nimezaliwa Ileje kule juu milimani kwa Wandali, nikasoma, nikamaliza chuo Mbeya, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikituma barua za kuomba kazi mpaka mama akaniuliza kama kuna mchumba ninayeandikiana naye, ndipo nikashuka Tunduma kwa dada yangu, na huko nikakutana na Jastin kwenye semina ya ujasiriamali ya siku tano. Jastin ni Mnamwanga wa Momba, shangazi zake wameolewa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, anaongea Kibemba utadhani alinyonyeshwa nacho. Siku ya tano ya semina tukaamua kuanzisha kampuni ya mchele wa bonde la Momba, ule wa Kamsamba, tuuchambue mawe, tuutie kwenye mifuko mizuri yenye jina, tuuze mjini na ng'ambo. Tukaiita Punje Njema. Nembo niliichora mwenyewe usiku na mchana kwa wiki mbili, punje tatu nyeupe juu ya rangi ya kijani, ile kijani nilibadilisha mara saba mpaka nikaipata ninayoitaka, na kadi zetu zimeandikwa "Punje Njema, uzuri wa Momba mlangoni kwako", na watu wengi wamezisifia.

Kazi tuligawana, mimi nikabaki na ubora na mifuko na mitandao, Jastin akachukua wateja, hasa wa ng'ambo. Na hapa nikuambie ukweli, Mama, nilikuwa naumia. Kila tukikaa na watu Jastin anasema, "Mimi ndiye mdomo wa kampuni, dada yenu hapa ni mikono," watu wanacheka, na mimi nacheka nao, lakini nikifika nyumbani sicheki. Nikawa nasema moyoni, siku moja nitaleta mteja mkubwa mimi mwenyewe, tena wa ng'ambo, tuone mdomo utasema nini.

Basi mwezi wa nne nikakutana sokoni Tunduma na mama mmoja wa Nakonde, mtu mzima, wanamwita Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, ana duka kule kwao, nikampa kadi nikamwambia sisi tunaleta bidhaa safi za Momba. Akaitazama ile kadi, akazigusa zile punje kwa kidole, akasema, "Momba? Bwino," yaani vizuri, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake akaondoka. Baada ya wiki akanitumia ujumbe wa sauti, na ujumbe huo ninao hadi leo, nimeusikiliza mara nyingi mpaka naujua kwa moyo. Ananisalimu kwanza kwa lugha yao, kisha anaagiza, "Iwe Tumpale, mwanangu, mulishani? Nataka umuchele wa ku Ivuna, bagi twente. Usilete wa vumbi-vumbi, lete ule mukubwa-mukubwa."

Mama Fortunata, nilirukaruka chumbani. Mteja wangu! Mifuko ishirini! Hilo neno "umuchele" nikaona ni lafudhi yao tu, wenzetu wanaongeza u mbele ya kila kitu. Kwamba ametaja Ivuna badala ya Kamsamba, nikasema huyu mama jiografia yetu haijui, kote si bondeni huko huko. Na kwamba hataki wa vumbi anataka mkubwa, nikaelewa hataki chenga, zile punje zilizovunjika. Jastin nilimwambia tu kuna mama ameagiza mchele mifuko ishirini. Ule ujumbe sikumsikilizisha. Alisema nimtumie namba ya huyo mteja aongee naye, nikamwambia, "Huyu niachie mimi, kaka." Nikachagua mchele namba moja, nikauchambua kwa mikono yangu siku tatu, tukapakia kwenye guta, tukavuka mpaka kwa taratibu zote, nikafika dukani kwa Bana Chanda nikiwa nimevaa fulana ya kampuni.

Akafungua mfuko mmoja. Akaingiza mkono, akauleta juu, akatazama, akacheka. Akasema kwa sauti, na wateja wengine wakisikia, "Iwe, huu si umuchele. Huu ni umupunga."

Mpunga! Mchele wangu uliokobolewa ukang'aa, niliouchambua punje kwa punje, mtu anauita mpunga, kama kwamba nimemletea na makapi yake! Nikamwambia mama, naomba unitazamie vizuri, huu ni mchele. Akasema hapana, ni umupunga, tena akamwita jirani yake aje aone, na jirani naye akasema ni umupunga, wakawa wanacheka wawili. Nikaona wananifanyia njama ili nishushe bei. Machozi yakanilenga, nikamwambia mwenye guta apakie, mifuko ishirini ikarudi kama ilivyokwenda, na yule mama akabaki mlangoni ananiita nisiondoke.

Jastin aliponiuliza nilisema huyo mama ameukataa mzigo kwa makusudi. Jastin hakuniuliza la pili, akawaka. "Huyo ni mpigaji, dada, hawezi kutuzingua hivyo tukakaa kimya." Akarekodi tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa upande wetu, watu zaidi ya mia tatu, akamtaja jina na mahali duka lilipo, akasema jihadharini, anaagiza mzigo kisha anadai ni mbovu. Siku mbili baadaye Bana Chanda akanitumia ujumbe mwingine. "Tumpale, mwanangu, usikasirike. Umuchele wangu utaleta lini?" Nikaona ananikejeli. Nikamfungia asinipate tena.

Mchele ule tuliuuza hapa hapa Tunduma ukaisha, kwa hiyo shida yangu si hasara. Shida yangu ilikuja wiki tatu baadaye nimesimama sokoni nachagua mboga. Pembeni yangu mama mmoja wa ng'ambo akamwambia muuza chumvi, "Nipe umuchele." Na yule muuzaji, bila kuuliza mara mbili, akachota chumvi akampimia.

Nilisimama na fungu langu la chainizi mkononi kama nimeota mizizi. Nikamwuliza muuzaji, akanishangaa, akasema, "Dada, we mgeni? Kwa Kibemba umuchele ni chumvi. Mchele wenyewe wanauita umupunga." Kwetu Ileje chumvi ni umunyu, Mama, mimi ningejuaje? Miaka miwili nimekaa Tunduma sikuwahi kulisikia, au nililisikia nikadhani ni mchele.

Sasa nina miezi miwili na siri hii. Nasikia mama mmoja aliyekuwa akimpelekea Bana Chanda maharage ameacha, na mwingine wa dagaa naye ameacha, kwa sababu ya tangazo letu. Jastin hajui. Angeusikia ule ujumbe kwa sekunde tatu angeelewa, ndiyo maana siwezi kumsikilizisha. Na mwezi huu tumealikwa Vwawa kwenye kongamano la vijana wenye kampuni changa, tusimame tueleze changamoto tulizopitia, na Jastin ameshaandaa hotuba, mfano wake mkubwa ni Bana Chanda, "mteja laghai". Nikisema ukweli nitaaibika mbele ya mwenzangu, atajua kwamba mikono ilitaka kuwa mdomo ikaharibu, na huenda kampuni ikavunjika. Nikinyamaza, mama wa watu anaendelea kuitwa laghai. Nimefikiria hata kurudi Ileje nikalime.

Na kuna kitu kingine, Mama, kinaniwasha akilini hata kanisani wakati wa mahubiri. Mwanamke mmoja mwenye duka la kawaida, mifuko ishirini ya chumvi ni ya nini? Tena ya Ivuna, tena ile mikubwa ya mawe-mawe, si ya unga? Nisaidie.

Mimi niliyepotezwa na herufi moja,
Tunduma

*

Marahaba, Tumpale.

Uliniomba nisicheke kabla ya mwisho. Sikuweza. Nilipofika kwenye umupunga nilicheka mpaka mume wangu akaja kutazama kama nimepaliwa, nikamsomea, akacheka naye, yeye ni Mmoravian wa pale Mbozi Mission na si mtu wa kucheka ovyo. Lakini tulipofika pale mama anapouliza, "Umuchele wangu utaleta lini?" tukaacha kucheka. Yule mama hakukukejeli, binti yangu. Alikuwa anasubiri chumvi yake. Inawezekana hadi leo anaisubiri.

Sasa nikuulize, maana na mimi ni mdadisi na barua yako imeniacha na maswali. Rangi ya kijani ya nembo umeniambia ilibadilishwa mara saba. Duka la Bana Chanda umeniambia "ana duka kule kwao", basi. Linauza nini? Limetazamana na nini? Wanaoingia ni wakulima, wavuvi, madereva, mama lishe? Ulisimama mlangoni pake na guta zima la mzigo, ukatazama fulana yako. Na kabla ya hapo ulimwambia unaleta "bidhaa safi za Momba". Bidhaa gani? Nembo yenu ni punje tatu nyeupe. Mimi ningepewa kadi hiyo nisingejua mnauza mchele, chumvi, au sukari. Yule mama alizigusa punje kwa kidole, akasikia Momba, akawaza Ivuna, akawaza chumvi. Alitumia akili yake vizuri sana. Ninyi ndio mliomwachia abahatishe.

Lile neno silo kosa lako. Hakuna aliyezaliwa Ileje akiwa na Kibemba mdomoni, na mpaka wetu huu una maneno yanayovaa nguo tofauti kila upande. Mimi mwenyewe ni Mnyiha wa Hasamba, niliposhuka Tunduma kutafuta maisha nilipigwa chenga na maneno mwaka mzima. Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Hawakufika Nakonde hao, wangejua hata mchele wenyewe si mmoja.

Lakini alisema Ivuna, Tumpale! Hapo ndipo nilipotaka nikuvute sikio. Nani katika mkoa huu mzima asiyejua kwamba Ivuna inajulikana kwa chumvi yake? Wewe ulijua. Ukalisikia neno, ukalisahihisha kichwani mwako ili lifanane na ulichokuwa nacho stoo. Akasema asiletewe wa vumbi, ukasikia chenga. Akasema mukubwa-mukubwa, ukasikia namba moja. Mama wa watu alikupa alama tatu njiani, zote ukazigeuza zielekee Kamsamba. Ugonjwa huo unawapata wenye biashara changa wengi kuliko ukosefu wa mtaji: mtu anapenda bidhaa yake mpaka masikio yake yanasikia jina lake tu. Mteja akitaja kitu ambacho hukukitegemea, usimwone mjinga wa jiografia. Muulize, "Kwa nini hicho?"

Nikupe changu nisionekane mtakatifu. Kuna mwaka niliuza mafuta ya kupikia pale Tunduma, na nilikuwa na mteja mmoja wa ng'ambo, bwana mpole, kila wiki ananunua madumu sita ya lita ishirini. Nikajisifu kwa kila mtu kwamba mafuta yangu yanapendwa hadi Zambia. Siku moja, sijui shetani gani mwema alinigusa, nikamwuliza, "Baba, mafuta yote haya unampikia nani?" Akaona haya. Akaniambia mafuta anamgawia kwa bei ya chini jirani yake mwenye mgahawa, yeye anachotaka ni madumu, kwa sababu yana mfuniko mgumu na yanafaa kubebea asali. Miezi mitano! Miezi mitano nimejisifia mafuta na mtu alikuwa ananunua plastiki. Niliumia kwa muda wa kama dakika kumi, kisha nikaanza kukusanya madumu matupu mji mzima, na biashara hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wangu wawili. Kwa hiyo usiniambie aibu. Aibu nimeila, ina chumvi kidogo, inamezeka.

Sasa tuseme la kweli. Hukupotezwa na herufi moja kama ulivyojiandikia hapo chini. Ulikuwa na mtu pembeni yako aliyekuwa anaijua ile herufi tangu utotoni. Ujumbe ulikuwa kwenye simu, Jastin alikuwa mezani, na uliuficha kwa sababu ulitaka ushindi uwe wako peke yako. Nakuelewa, na nakuonea huruma kwa dhati. Mwanamke kuitwa "mikono" mbele ya watu kila siku kunachoma, na huyo Jastin nikimpata nitamwambia mdomo usio na mikono unakufa njaa. Lakini ulipaswa kumwambia, "Kaka, usiniite hivyo tena." Maneno manne tu. Badala yake ukaamua kumwonyesha, na aliyelipia maonyesho hayo ni mama wa watu ng'ambo ambaye hata hajui kwamba kulikuwa na mashindano.

Na Jastin naye, kama atasoma hapa, asijifanye hakutajwa. Kijana una Kibemba chote hicho, una shangazi Nakonde, ukashindwa kuvuka barabara ukamsalimie mama mtu mzima ukamwuliza kwa heshima ya kwao, "Mukwai, kulitokea nini?" Ukaenda kusema na watu mia tatu, ukamruka mmoja aliyehusika. Mdomo wa kampuni uliongea na kila mtu isipokuwa mteja.

Basi fanya hivi, na uyafanye wiki hii, si wiki ya kongamano.

Mwite Jastin mahali mkae wawili tu. Usianze kujieleza, usianze kulia, usimwambie "nina jambo zito". Weka simu mezani, mwambie, "Sikiliza agizo la Bana Chanda," halafu bonyeza. Mwache asikie. Atacheka kwanza, nakuhakikishia, hakuna Mnamwanga atakayesikia hilo asicheke. Kicheko kikiisha atakutazama, na hapo ndipo useme yote: kwamba ulimficha ujumbe, kwa nini ulimficha, na kwamba umejua tangu miezi miwili iliyopita. Usipunguze hilo la miezi miwili, ndilo litakalomuuma zaidi, na akilijua baadaye kwa mtu mwingine ndipo kampuni itavunjika kweli. Mwambie pia kuhusu mikono na mdomo. Akikasirika, mpe siku mbili. Akisema hataki kufanya kazi tena na wewe, utalia, utapona, na utakuwa umeondoka ukiwa mtu mkweli. Ila mimi sidhani atasema hivyo. Mtu aliyewaka kwa ajili yako bila kuuliza swali la pili anakupenda kama ndugu, shida yake ni pupa.

Kisha tangazo. Lilitolewa kwa sauti, lifutwe kwa sauti, kwenye kundi lile lile, kwa jina la mama yule yule. Msiandike "kulikuwa na sintofahamu baina ya pande mbili". Sintofahamu ni neno la wanaokimbia. Semeni: Bana Chanda aliagiza chumvi, sisi tukampelekea mchele, kosa ni letu, yeye hana kosa lolote, na aliyeacha kumpelekea maharage au dagaa kwa ajili yetu tunamwomba arudi. Watawacheka wiki nzima. Watawatania mpaka Krismasi, mtaitwa Umuchele sokoni. Poa. Jina litakalotajwa kila siku pale mpakani ni lenu, na mtu akilitaja atakuwa anatabasamu. Semina yenu ya siku tano isingewafundisha kutangaza hivyo.

Wale mama wawili wa maharage na dagaa usiwaachie kundi peke yake. Wafuate mwenyewe kwa miguu.

Vwawa nendeni. Hotuba ya Jastin ya "mteja laghai" ichaneni, msimame wawili, mtoe hii ya kweli, na wewe ndiye uisimulie, maana ni yako. Kuna vijana watakaa pale ambao hivi sasa wanabadilisha rangi ya nembo mara ya nane. Watakushukuru kuliko mtoa mada yeyote.

Kuhusu maagizo ya mbele, nina dawa ya bure ambayo mama yako alikufundisha kabla hujaanza darasa la kwanza. Alipokutuma dukani alikwambia nini kabla hujatoka mlangoni? "Hebu rudia, nimekutuma nini?" Ukarudia, na kama umekosea anakurekebisha hapo hapo. Mteja akikuagiza, rudia. Kama lugha inakatakata, piga picha ya mzigo umtumie kabla haujapakiwa, umwulize, "Ni hiki?" Picha moja ya mchele ingekuokoa siku tatu za kuchambua.

Kurudi Ileje ukalime, sijakukataza, kulima ni kazi ya heshima na watu wa milimani kwenu wanaijua. Lakini usirudi kwa kukimbia chumvi. Mtu anayetoroka huwa analima vibaya.

Nimeliacha swali lako la mwisho makusudi. Mifuko ishirini ya chumvi ya mawe ni ya nini? Nilitaka kukujibu, Tumpale. Nilikaa nikawaza: ni ya samaki wa kukausha, ni ya ng'ombe kulamba, au kuna bibi zake wanaotaka mboga iliyotiwa chumvi ya zamani kama walivyozoea? Nilikaribia kumpigia binti yangu Witness, ameolewa Nakonde, aende akalitafute hilo duka, kwa nusu siku tu ningelijua. Kisha nikajizuia, na kujizuia kwangu si jambo dogo, waulize wanaonifahamu. Swali hilo ni lako. Limekuwasha hadi kanisani, na katika barua yako nzima ndilo jambo pekee ulilouliza kuhusu mtu mwingine. Litunze hilo, kwa sababu siku ulipoanza kulijiuliza ndiyo siku ulipoanza biashara. Mwaka ule wote wa nyuma ulikuwa unachora.

Nikutahadharishe tu usiruke. Nakujua, umeshaanza kuwaza nembo ya chumvi. Usinunue hata mfuko mmoja wa kuuza kabla hujajua ni ya nini, nani anampelekea sasa, na wanaotengeneza chumvi kule Ivuna wanaweza kutoa kiasi gani. Na kama ni ya watu kula, ujue chumvi ya kula ina masharti yake ya madini joto, nenda kwa afisa afya ukaulize kwanza. Uliza, uliza, kisha uliza. Ukimaliza kuuliza, ndipo upige hesabu.

Mwisho kabisa. Siku ya kuvuka mpaka kwenda kwa Bana Chanda, nendeni wote wawili, lakini Jastin asimame nyuma yako na afunge mdomo wake mpaka umalize. Usimpelekee mchele wa kuomba radhi, tafadhali, asije akadhani kichaa kimekurudia. Tafuta mtu anayetoka bondeni, mwambie akuletee kilo mbili tu za chumvi ya Ivuna, ile ya mawe-mawe. Uifunge vizuri. Usivae fulana ya kampuni. Ukifika mlangoni piga magoti kidogo kama mnavyowaamkia wakubwa kule kwenu Ileje, umpe kwa mikono miwili, hiyo mikono yako waliyoicheka, na useme maneno ambayo mama yule amekuwa akiyasubiri tangu mwezi wa nne:

"Mama, nimeleta umuchele."